UKAGUZI WA USAFI KATIKA VITUO VYA DAGAA: KUTOKA PWANI YA UNGUJA HADI MAKAMBAKO NA NJOMBE



Mazungumzo haya yanahusu ukaguzi wa usafi katika sehemu za kutayarishia mazao ya bahari, na hasa vituo vya kuchemshia na kukaushia dagaa. Wamechaguliwa dagaa, wala si pweza au kamba, kwa sababu dagaa ni samaki wa bei nafuu anayesafiri masafa marefu, na huliwa na watu wengi ambao hawajapata kuiona bahari. Anayewatayarisha hamjui atakayewala, na atakayewala hamjui aliyewatayarisha. Baina ya wawili hao, mwenye wajibu wa kuwa shahidi ni mkaguzi.

Dagaa wa Unguja huvuliwa usiku, katika siku za giza, kwa taa na nyavu za kuzungushia. Alfajiri vyombo hufika pwani, kama pale Kama katika Wilaya ya Magharibi "A", na samaki hupokewa na wachemshaji, ambao wengi wao ni akina mama. Huchemshwa kwa dakika chache katika maji ya chumvi, wakachujwa, wakaanikwa juani, kisha wakatiwa magunia. Sehemu kubwa huvushwa hadi Dar es Salaam, na kutoka huko hupakiwa malori yanayofuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia kuelekea Tunduma. Shehena nyingi huishia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako dagaa wa Zanzibar wana soko kubwa.

Katika barabara hiyo, zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam, upo mji wa Makambako. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu, na hapo pia ipo stesheni ya reli ya TAZARA. Mji wa Njombe uko kiasi cha kilomita 60 kusini mwake, katika nyanda za baridi na ukungu. Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, na Wilaya yake ya Ludewa inapakana na Ziwa Nyasa, ambako huvuliwa dagaa waitwao usipa. Kwa hivyo, katika masoko ya nyanda hizo, gunia la dagaa wa bahari linaweza kukaa ubavuni mwa gunia la usipa na gunia la dagaa wa Ziwa Viktoria. Mnunuzi huchagua kwa macho, kwa pua na kwa bei. Uchafu usioonekana kwa macho wala kunuka puani humpita.

Inafaa ieleweke ni nani anayenunua. Mkoa wa Njombe hauna njaa ya kukosa cha kujaza tumbo: mahindi, viazi mviringo na maharage hustawi, na chai na maparachichi huuzwa nje. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 30. Kudumaa kuna sababu nyingi, na mbili kati ya hizo zinagusa mada hii. Ya kwanza ni mlo usiochanganyika, ambao mtoto hupewa uji na ugali bila ya kitoweo cha kutosha. Ya pili ni maradhi ya kuharisha ya mara kwa mara, ambayo huondoa mwilini hata kile kidogo kilicholiwa.

Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kwa hivyo humpatia mtoto protini na madini ya kujenga mwili kwa fedha kidogo. Lakini dagaa mchafu hubeba faida na hasara katika kijiko kimoja: hulisha kwa upande mmoja na kuharisha kwa upande mwingine. Huo ndio uzito wa kazi ya mkaguzi anayesimama kwenye majiko ya Kama. Kinachoamuliwa hapo ni afya ya mtoto aliye mbali, pamoja na riziki ya mama anayechochea moto.

Sasa yaangaliwe mambo manne ambayo mkaguzi hupaswa kuyatazama, na sababu ya kila moja.

La kwanza ni muda kabla ya kuchemshwa. Dagaa waliokaa juani chomboni au pwani bila ya barafu huanza kuharibika mara moja. Bakteria hutengeneza katika nyama yao sumu iitwayo histamini, ambayo humletea mlaji wekundu wa ngozi, maumivu ya kichwa, kutapika na mapigo ya moyo ya kasi. Kodeksi, ambayo ni mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka kiwango cha usalama kisichozidi miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki. Jambo la kuzingatia ni kwamba histamini haiondoki kwa kuchemshwa, kukaushwa wala kukaangwa. Mwenye kudhani kwamba moto husafisha kila kitu anajidanganya. Kwa sababu hiyo, swali la mwanzo la mkaguzi liwe hili: dagaa hawa wametolewa majini saa ngapi?

La pili ni maji na chumvi. Maji ya kuoshea yasichotwe karibu na mkondo wa maji machafu au vyoo. Maji ya kuchemshia yanayotumika tangu alfajiri hadi adhuhuri bila ya kubadilishwa hugeuka mchuzi wa damu na magamba, na huwachafua wale yaliyokusudiwa kuwasafisha. Choo chenye maji na sabuni ya kunawia mikono ni sehemu ya kituo kama lilivyo jiko. Panapokosekana choo, hakuna amri itakayozuia pwani isitumike kwa haja hiyo.

La tatu ni mahali pa kuanikia. Baada ya samaki kutoka jikoni, hapana tena moto wa kuua vijidudu hadi atakapofika jikoni kwa mlaji. Anayeanika mchangani huwapa dagaa mchanga, nzi, kinyesi cha kuku na nyayo za wapita njia. Chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini, yenye wavu safi juu yake, hupitisha hewa juu na chini, hukausha kwa haraka zaidi na hupunguza mchanga ambao wanunuzi huulalamikia. Hapa usafi na faida vinakwenda njia moja.

La nne ni ukavu na hifadhi. Wakati wa masika mchemshaji hushawishika kufunga gunia kabla dagaa hawajakauka sawasawa, kwani anahofia kupoteza vyote. Dagaa mkavu hukatika akikunjwa, na mwenye unyevu hupinda. Gunia la dagaa wenye unyevu likikaa siku kadhaa chini ya turubai hupata joto, ukungu na funza. Hapo ndipo baadhi ya watu hushawishika kunyunyiza dawa za wadudu zilizokusudiwa mimea au mifugo. Jambo hilo ni hatari kubwa na halina udhuru. Funza huonekana na huweza kutupwa, lakini sumu haionekani na huliwa.

Ndugu wananchi, historia ya nchi yetu inatoa funzo juu ya gharama ya kupuuza mambo haya. Mripuko wa kipindupindu wa mwaka 1978 hapa Zanzibar ulianzia katika kijiji cha wavuvi, na watu 411 waliugua, wakafariki 51. Maradhi hayo yamerudi mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara yamefuata maji machafu na ukosefu wa vyoo.

Kwa upande wa Bara, Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani halikuunga mkono njia hiyo ya kuzuia bidhaa, na zuio liliondolewa katikati ya mwaka 1998. Mwaka 1999, zilipoenea habari za uvuvi wa kutumia sumu katika Ziwa Viktoria, mlango ulifungwa tena, na Tanzania haikurejea katika soko hilo hadi mwaka 2000. Walioumia ni wavuvi wa sangara na wafanyakazi wa viwanda vya Mwanza, Musoma na Bukoba, ambao wengi wao hawakuwa wametia sumu popote. Lilipoulizwa swali la usafi, ilibidi lijibiwe kwa vipimo, kumbukumbu na saini ya mkaguzi. Maneno mazuri hayakutosha. Tangu hapo maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, na utaratibu wa kukagua viwanda vimepewa umuhimu mkubwa zaidi.

Lipo jambo katika habari hiyo linalostahili kufikiriwa. Mlaji wa Ulaya alikuwa na watu wa kuufunga mlango kwa niaba yake, wawe wamekosea au wamepatia. Mtoto wa Njombe hana mtu wa namna hiyo ila wakaguzi wa nchi yake mwenyewe. Si haki samaki wa kupelekwa Ulaya wapimwe kwa mizani moja, na dagaa wa kuliwa na wananchi wapimwe kwa mizani nyingine.

Kisheria, uvuvi si jambo la Muungano. Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010, chini ya Wizara inayoshughulikia Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na usalama wa chakula unasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Bara inayo Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umewekwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Gunia la dagaa halijui mipaka ya mamlaka hizi. Linavuka maji kwa saa chache, na taarifa zake hazina budi zivuke pamoja nalo. Maofisa wa pande mbili wakipeana habari kwa wakati, kosa lililogunduliwa Makambako litaweza kusahihishwa pwani lilikoanzia.

Baada ya hayo, ni lazima isemwe kwa uwazi namna ukaguzi unavyopaswa kufanywa. Mchemshaji aliyekopa fedha za kuni na chumvi, akazuiliwa mzigo bandarini, hupoteza mtaji wote kwa asubuhi moja. Akiona kwamba mkaguzi huja siku ya adhabu tu, atajifunza kumkwepa: ataanika mbali, atasafirisha usiku na atatumia bandari bubu. Hapo Serikali itakuwa imepoteza mapato na mlaji atakuwa amepoteza kinga. Kwa hivyo watumishi wanaohusika wanakumbushwa yafuatayo:

1. Ukaguzi ufanywe saa za kazi ya mchemshaji, yaani alfajiri na asubuhi wakati samaki wanapofika, na usingoje saa za ofisi.

2. Kila kosa lielezwe sababu yake, na maagizo yaandikwe kwa lugha nyepesi pamoja na muda wa kutekelezwa. Kosa la kuhatarisha maisha, kama dawa za wadudu, lisisubiri muda.

3. Kumbukumbu za kila kituo zitunzwe, ili aliyerekebisha atambulike na aliyekaidi atambulike.

4. Mkaguzi asipokee mboga. Kilo mbili za dagaa alizopewa bure zinatosha kumfumba macho.

5. Palipo na upungufu wa maji, vyoo au chanja, mkaguzi aripoti kwa mamlaka zinazohusika, kwani kumtoza faini mtu kwa kukosa bomba ambalo halijafikishwa hakuleti maji.

Wachemshaji na wafanyabiashara, kwa upande wao, wanaombwa wajipange katika vikundi vyenye chanja na sehemu ya kuhifadhia ya pamoja, wabadilishe maji ya kuchemshia, na wasifunge gunia linalopinda. Wenye malori wanaombwa wasipakie dagaa pamoja na mbolea, mafuta au dawa za mashamba, jambo la kuangaliwa sana katika barabara inayohudumia mikoa ya kilimo. Wauzaji wa Makambako na Njombe wakumbuke kwamba dagaa mkavu hunyonya unyevu wa ukungu. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na yafunikwe nyakati za asubuhi. Mama anayenunua kipimo kimoja cha dagaa sokoni ana haki ya kuuliza walikotoka, kuwanusa na kuwakataa, na anaombwa awaoshe kwa maji safi na kuwapika hadi waive vizuri kabla ya kuwasaga kwa ajili ya uji wa mtoto.

Masheha, madiwani na viongozi wa masoko wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wahusika katika maeneo yao. Kipimo cha mafanikio ya kazi hii si wingi wa faini zilizokusanywa wala wa mizigo iliyochomwa moto. Kipimo chake ni gunia lililofungwa pwani likiwa safi na kufunguliwa Njombe likiwa safi, na mtoto aliyekula asiugue.