Ghorofa Tupu, Kodi Ile Ile



Anayetafuta ofisi Nairobi hushangaa. Upper Hill na Westlands kuna ghorofa nzima zisizo na mtu, lakini akiuliza kodi hutajiwa bei ile ile ya mwaka jana.

Mahali ni sehemu ya jibu. Zamani benki na kampuni za bima zilijazana katikati ya jiji. Msongamano na uhaba wa maegesho ukazisukuma Upper Hill, nyingine Westlands. Majengo ya huko yana maegesho, jenereta na lifti za kasi, na gharama hiyo humrudia mpangaji. Majengo ya zamani nayo hayakulala bure: mengi yaligawanywa kuwa vibanda vya nguo na simu. Gigiri, karibu na Umoja wa Mataifa, wapo wanaotoza kwa dola, na shilingi ikidhoofika anayeumia ni mpangaji.

Ila kinachozuia bei kushuka hasa ni mkopo. Thamani ya jengo hupimwa kwa kodi iliyo katika mikataba. Mwenye jengo akiipunguza, thamani hushuka machoni pa benki iliyomkopesha, na wapangaji wengine watataka wapunguziwe pia. Basi huona afadhali ghorofa ikae tupu, au ampe mpangaji mpya miezi kadhaa ya bure huku bei ikibaki vile vile kwenye karatasi. Mpangaji ajadiliane hapo, kwenye miezi ya bure, maegesho na ukarabati.

Aulize pia ada ya walinzi, usafi na lifti, VAT ya asilimia 16, na nyongeza ya kodi itakuja lini. Wengi hushtukia haya baada ya kutia sahihi.

Mwenye biashara ndogo ana kinga. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka, hoteli au mahali pa kutoa huduma kwa malipo, ikiwa hana mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka 5. Kodi yake haipandishwi bila notisi rasmi ya miezi 2 au zaidi, na asiyeridhika hupeleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Ndiyo maana wenye majengo wengi hupenda mkataba wa miaka 5 na miezi 3.