Joto Litangulie Vifaranga



Familia nyingi za askari hufuga kuku ili kuongezea mshahara. Wengi hukopa katika vyama vyao vya akiba, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, wakanunua vifaranga 100 au 200 wa siku moja. Ikiwa vifaranga hao watakufa usiku wa kwanza, deni halifi pamoja nao. Kwa hiyo leo twazungumza juu ya huo usiku wa kwanza.

Tuichukue Onduparaka, karibu na mji wa Arua, mahali ambapo wapenda kandanda wengi wanapajua kwa ajili ya timu yake iliyoanzishwa mwaka 2011. Vifaranga wengi wafikao huko hutoka katika vituo vya kutotolesha vilivyo karibu na Kampala, safari ya kilomita zipatazo 500, kupitia Karuma na daraja la Pakwach. Safari hiyo huvumilika, kwa sababu kifaranga hutoka katika yai akiwa na akiba ya kiini tumboni mwake, imtoshayo kwa muda wa siku mbili au tatu. Lakini akiba hiyo ni ya chakula. Akiba ya joto hana. Mpaka manyoya yaote, hawezi kulinda joto la mwili wake, na mji wa Arua uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako usiku una baridi yake.

Kosa lililoenea ni kuwasha moto baada ya sanduku kufika. Hapana jeshi lipelekalo kikosi porini kabla ya watangulizi kutayarisha kambi. Kizimba cha kulelea vifaranga, ambacho wafugaji hukiita bruda, yafaa kiwe na moto saa 24 kabla. Sababu yake ni kwamba hewa hupata joto upesi, ilhali sakafu na maranda huchelewa. Chumba kinaweza kuonekana kina joto, kumbe kifaranga amesimama juu ya sakafu baridi, na baridi yampanda kwa miguu.

Kwa vifaranga 100, duara la mbao nyembamba au mkeka wa matete, lenye upana wa mita moja na nusu, latosha kwa wiki ya kwanza. Liwe duara, maana penye pembe vifaranga hurundikana na walio chini hukosa pumzi. Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Wengine hutandika magazeti juu yake. Mimi siyapendi, kwa kuwa huteleza na kuwapanua miguu. Gunia safi ni bora. Joto lifike nyuzi 32 hadi 35 pale kifaranga asimamapo, si kule juu kwenye dari.

Sigiri ya mkaa hufaa, ikikolezwa nje mpaka moshi uishe, kisha ikafunikwa kwa chungu chenye matundu. Hapa sina budi kuonya kwa ukali. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na huua watu. Askari akaaye na watoto wake katika chumba kimoja asithubutu kulea vifaranga kwa mkaa humo ndani. Hata katika kibanda cha kando, acha nafasi ya hewa sehemu ya juu. Na wale walio katika nyumba za bati za yuniporti wanajua jinsi bati linavyochoma mchana na kupoa usiku: moto wa adhuhuri upunguzwe, na wa usiku wa manane uwe na mlinzi wa zamu.

Wafikapo, wape kwanza maji ya uvuguvugu katika vyombo vya kina kifupi, halafu chakula. Mguse mmoja miguu kwa shavu lako; ikiwa baridi, ongeza moto. Baada ya hapo watazame wao wenyewe. Wakisongamana chini ya moto wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, tafuta upepo unakoingilia. Wakitawanyika wakila na kulala popote, hapo pameenea. Jioni papasa kifuko cha chakula chini ya shingo: kiwe kimejaa, nacho ni laini.

Kila wiki punguza nyuzi tatu hivi na kupanua duara. Katika wiki ya nne, manyoya yakishaota vizuri, moto huhitajika usiku tu, hasa mvua inaponyesha.