Mgeni Bila Anwani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nilipoombwa nizungumze juu ya maisha ya ugenini, nilijua vijana wangetaka habari za theluji. Theluji ipo na baridi ipo; mtu hununua koti zito na viatu vya maana, mambo yakaisha. Mimi giza lilinisumbua kuliko baridi, maana mwezi wa Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati ambao sisi hapa tulikuwa tukitoka darasani kwenda shamba la mihogo. Hata giza nalo huzoeleka. Nililokuja kulisema leo ni habari ya karatasi moja.

Nilifika Berlin usiku wa Jumamosi, tarehe 1 Oktoba 2016, nikiwa nimepewa ruhusa kazini na msaada wa masomo ya shahada ya pili kwa miaka miwili. Kesho yake Jumapili maduka yamefungwa, ndiyo sheria yao. Nikasema si neno, Jumatatu nitanunua chakula. Jumatatu nikakuta milango imefungwa vilevile: tarehe 3 Oktoba ni sikukuu yao ya kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990. Dada yangu alikuwa amenifungia kilo moja ya korosho nimpelekee profesa. Profesa hakuziona. Nilizila kwa siku mbili pamoja na maji ya bomba, ambayo huko hunyweka bila kuchemshwa. Baadaye nilijua kwamba katika stesheni kubwa za treni yapo maduka yanayofunguliwa hata siku kama hizo, lakini hapakuwa na mtu wa kuniambia, nami sikuuliza. Wale tuliolala nao bweni moja wanajua sikuwa mtu wa kuuliza.

Chumba changu kilikuwa upande wa Wedding, katika mitaa iliyopewa majina ya Afrika. Ukitembea huko unasoma Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, ukadhani uko karibu na nyumbani. Barabara moja iliitwa Petersallee. Jina hilo liliwekwa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akiwatia wazee wetu mikataba ya Kijerumani. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema kuwa sasa jina ni la Peters mwingine, na mwezi Agosti 2024 hatimaye barabara ikagawanywa na kubadilishwa majina. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Lakini nilipofika mimi ilikuwa bado Petersallee. Basi hapo jirani, saa tano za usiku, mimi mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilitia sahihi mkataba wa kurasa mbili kwa lugha nisiyoijua. Katika somo la historia, darasa hilo pale, tuliwacheka sana wale machifu.

Mkataba wangu ulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mpangaji hataruhusiwa kujiandikisha kwa anwani ile. Kijana aliyenipangisha hakuwa mwenye nyumba. Naye alikuwa mpangaji, akinikodisha chumba kwa siri. Sikujua maana yake. Ujerumani kila anayehamia nyumba hutakiwa kwenda kujiandikisha ofisini kabla ya wiki mbili kwisha, na tangu Novemba 2015 sheria inataka uende na karatasi yenye sahihi ya aliyekupa nyumba. Usipoandikishwa hupati namba ya kodi ya mapato, benki inakutazama kwa mashaka, na kibali cha kukaa nchini kinakuwa taabu. Msaada wangu wa masomo ulikuwa unasubiri akaunti ya benki. Akaunti ikasubiri anwani. Anwani ikasubiri kijana ambaye kila nikimpigia simu alikuwa safarini. Na kwa kuwa mtu wa posta huko hatazami namba ya chumba, hutazama jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua, nami jina langu halikuwapo, barua zangu zikarudi zilikotoka.

Nilikwenda kwenye ile ofisi ya kuandikisha mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa sina ahadi ya siku. Mara ya pili nilikuwa na ahadi, sina ile karatasi. Mara ya tatu nilikwenda na mkataba wangu, nikiamini kwamba mkataba ni mkubwa kuliko karatasi. Bibi wa dirishani hakunitukana wala hakunicheka. Aliusoma, akatikisa kichwa, akanirudishia karatasi zangu zikiwa zimepangwa vizuri kuliko nilivyompa, akaita namba ya mtu mwingine. Usiku ule mama alipiga simu kuniuliza kama nimepokelewa vizuri. Nikamwambia nimepokelewa vizuri sana.

Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na namba yangu mkononi, nilimkumbuka mzee mmoja. Kabla ya safari nilikuwa ofisa ardhi katika wilaya fulani. Mzee huyo alitaka kiwanja cha marehemu kaka yake kiandikwe jina lake. Alipokuja mara ya kwanza nilimwambia alete barua ya serikali ya kijiji. Akaileta; nikamwambia zinatakiwa picha. Akaleta picha, nikamwambia ipo karatasi ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Yote niliyomwambia yalikuwa ya kweli, na yote nilikuwa nikiyajua tangu siku ya kwanza. Sikumtukana. Hakurudi tena.

Aliyeniokoa mimi ni mwanafunzi wa Kikameruni, mkazi wa siku nyingi. Aliniuliza kwa nini nimekonda, nikamweleza, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu. Akaniandikia barua ya Kijerumani ya mistari minne kwa yule kijana, kwamba sheria haizuiwi na sentensi ya mkataba. Kijana aliona heri anirudishie dhamana yangu kuliko mwenye nyumba ajue. Nikapata nafasi katika hosteli ya wanafunzi, na tarehe 24 Novemba nikaandikishwa. Kazi yenyewe ilichukua kama dakika nane. Nilikuwa nimekaa siku 54 bila anwani.

Vijana mtakaokwenda, jifunzeni lugha kabla ya kupanda ndege, hata ya kubabaisha. Bandikeni jina kwenye sanduku la barua siku ileile, na kila barua ifunguliwe siku inayofika, hasa ile msiyoielewa. Na akipiga mama, mwambieni ukweli kidogo.

Nilirudi mwaka 2018, nikapangwa ofisi ileile. Jalada la yule mzee nililikuta kwenye rafu ya chini, limeandikwa kwa mwandiko wangu kuwa limefungwa kwa kutokamilika. Nilimpigia mtendaji wa kijiji amtafute. Alikuja na mjukuu wake, amepungua sana, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayejua hatakaa muda mrefu. Nikamwandikia kwenye karatasi moja kila kilichobaki: barua ile ya mahakama, ada, na siku ya kurudi. Akampa mjukuu wake amsomee, kisha akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mgeni hapa? Yule aliyekuwapo zamani alinisumbua sana."

Ndugu Mwenyekiti, nilimjibu kwamba ndiyo, mzee wangu, nimefika karibuni.