Moto wa Petroli Hauzimwi kwa Maji

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahudumu wa bodaboda na wa vituo vya mafuta)



Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuteka petroli, kisha ikashika moto. Zaidi ya 100 walifariki. Kwa hivyo tusikilizane vizuri.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji ikiwaka, huelea juu yake, na maji yakitiririka moto huenda nayo. Tena kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko au sigara iliyo mbali, nasi hatuuoni.

Moto hutegemea vitu vinne: mafuta, joto, oksijeni, na mfululizo wa kemikali unaojiendeleza ndani ya ndimi za moto. Ukiondoa kimoja tu, moto huzimika.

Mtungi wa unga mkavu, ulio kwenye vituo vingi, hukata mfululizo huo. Unga wenyewe mara nyingi ni sodiamu baikaboneti au amonia fosfeti. Moto huzimika ghafla, lakini unga haupoozi vya kutosha. Chuma kikibaki na joto kali, petroli yaweza kuwaka tena. Usiupe mgongo.

Povu hutanda juu ya mafuta kama blanketi. Huzuia mvuke kupanda, na maji yaliyomo hupoza. Ndiyo maana wazimamoto hulitumia kwenye moto mkubwa wa mafuta. Kaboni dioksidi hufukuza oksijeni, ila ukiwa nje upepo huipeperusha.

Namna ya kutumia mtungi: simama upepo ukitoka nyuma yako. Chomoa pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana mkono wa mtungi, kisha fagia kushoto na kulia. Mtungi huisha kwa sekunde chache, kwa hivyo ni wa moto mdogo. Kagua mara kwa mara kama mshale uko kwenye kijani.

Moto ukikuzidi, ondoka, waondoe wengine, upige 999 au 112.

Na lori la mafuta likianguka, jerikeni libaki nyumbani. Hakuna petroli ya bure yenye thamani ya roho ya mtu.