Siku ya Tatu ya Mgeni Katika Nchi ya Japani

Mazungumzo kwa vijana wa Keumbu na wazee wao



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mazungumzo haya yahusu siku hiyo ya tatu, yaani siku ambayo kijana aliyetoka Keumbu hahesabiwi tena kuwa mgeni huko Japani, bali amekwisha kupewa jembe lake, liwe kalamu ya ofisi, au chombo cha kiwandani, au viatu vya mbio. Habari za ndege na za majumba marefu zimekwisha kusimuliwa mara nyingi. Zisizosimuliwa sana ni habari za takataka, za kodi, na za kunyamaza.

Watu wa Gusii hawakuanza jana kuiona nchi hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1964, wakati Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmodi wa uhuru wake, Naftali Temu alikuwa Tokyo katika Michezo ya Olimpiki. Mbio za marathoni alizimaliza wa 49, na mshindi alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia. Miaka minne baadaye Temu huyo huyo alijipatia dhahabu ya meta 10,000 huko Mexico, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Lakini Temu alikuwa Tokyo kwa siku chache tu. Alilishwa, akalazwa, akapelekwa uwanjani, akarudishwa nyumbani. Hakulipa kodi ya nyumba wala hakuulizwa juu ya taka zake.

Waliokwenda kukaa walikuja nyuma. Wajapani wana mchezo waupendao mno, uitwao ekiden. Ni mbio za kupokezana barabarani, na badala ya kijiti kila mkimbiaji huvaa ukanda wa kitambaa begani, akamvika mwenzake. Mashindano ya ekiden yaliyo mashuhuri kupita yote ni yale ya vyuo vikuu, kutoka Tokyo hadi mlima wa Hakone na kurudi, yaliyoanza mwaka 1920 na kukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari kwa watu kumi wa kila chuo. Mwaka 1989 Joseph Otwori wa chuo cha Yamanashi Gakuin alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kuyakimbia. Baada yake akaja Stephen Mayaka. Na mwaka 2009 Mekubo Mogusu wa chuo hicho hicho alikimbia kipande cha pili, ambacho ni kama kilometa 23, kwa saa 1 dakika 6 na sekunde 4, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo mpaka mwaka 2020. Majina hayo hayahitaji kufasiriwa mbele ya watu wa Keumbu.

Wote hao walipokewa kwa ajili ya miguu yao. Lakini miguu haisomi barua iliyotiwa mlangoni. Wala si wakimbiaji peke yao wanaokwenda sasa. Kuna wanafunzi, mafundi, na wauguzi wa wazee. Mwishoni mwa mwaka 2024 wageni wakaao Japani walikuwa zaidi ya milioni 3 na laki 7, na mgeni ajaye sasa kukaa huanza mahali pamoja, yaani kwenye kadi.

Tangu mwaka 2012 mgeni ajaye kukaa zaidi ya miezi mitatu hupewa kadi ya ukaazi, na katika viwanja vikubwa vya ndege huipata palepale anaposhuka. Akiisha kupata nyumba, ana siku 14 tu za kwenda kwenye ofisi ya mji kuandikisha mahali akaapo. Baada ya hapo kadi haitoki mfukoni mwake, na akikutwa na polisi hanayo aweza kutozwa faini. Wako wazee watakaokunja uso wakisikia hayo, kwa kukumbuka habari za kipande kilichotundikwa shingoni mwa baba zao zamani za ukoloni. Haki yao. Ila kipande kile aliwekewa mwenyeji katika nchi yake mwenyewe, na kadi hii huwekewa mgeni, Mwingereza na Mchina sawasawa na Mgusii. Paspoti nayo haiwi mali ya mwajiri. Sheria ya mwaka 2016 juu ya wanagenzi wa kigeni yakataza mwajiri kuzishika paspoti zao au kadi zao. Kijana aambiwaye, “Lete paspoti yako nikuwekee,” na ajibu kwa adabu kwamba ataiweka mwenyewe.

Kupata nyumba ni mlima. Mkimbiaji wa kampuni hukaa katika bweni la timu, naye hana taabu hiyo. Afanyaye kazi nyingine hutakiwa mdhamini, na amana, na mara nyingine fedha za kumshukuru mwenye nyumba ambazo hazirudi kamwe. Halafu aweza kuambiwa kwamba wageni hawatakiwi. Si uvumi. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa katika wageni waliotafuta nyumba, karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Yafaa jambo hili lijulikane mapema, ili kijana asidhani kuwa ni yeye peke yake aliyekosa bahati.

Akiisha kuingia, avue viatu mlangoni. Ndani huvaliwa kandambili, nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka. Na choo kina kandambili zake, ambazo zikionekana sebuleni huwa kicheko cha siku nzima. Maji ya bafu si ya kujisugulia. Mtu hujiosha kwanza kando, akatakata kabisa, ndipo akaingia katika maji ya moto kujipumzisha, kwa kuwa maji hayo hayo yatatumiwa na wengine.

Lakini hakuna lililowaaibisha wageni wengi kama takataka. Huko Keumbu maganda ya ndizi hutupwa chini ya migomba yakawa mbolea, na jambo limekwisha. Huko Japani ganda la ndizi ni taka ya kuchomwa moto, nalo lina siku zake za juma. Chupa ya plastiki ina siku nyingine, tena hutolewa kifuniko, ikabanduliwa karatasi yake, ikasuuzwa. Makopo mbali, vioo mbali, magazeti hufungwa kwa kamba. Miji mingi ina mifuko yake maalum ambayo hununuliwa dukani, na taka hutolewa asubuhi ya siku yenyewe, si usiku wa kuamkia, kwa ajili ya kunguru, ambao ni wajanja kule kama walivyo huku, hata mifuko hufunikwa kwa wavu. Mfuko uliokosewa hauchukuliwi. Hubandikwa karatasi ya onyo ukaachwa pale pale, na majirani wakipita wanauona. Hakuna atakayempigia mtu kelele. Kutopigiwa kelele huko ndiko kunakomchanganya mgeni, maana hujiona hana kosa, kumbe mtaa mzima umekwisha kumjua.

Ukimya wa Wajapani hutaka kusomwa kama barua. Katika gari la moshi watu hawazungumzi kwa simu. Kuta za nyumba ni nyembamba, na muziki wa usiku huwa mashtaka. Mtu wa Gusii amezoea kusimama njiani akaulizwa habari za mama, za ng'ombe, na za chai iliyochumwa. Huko jirani huinamisha kichwa, akapita. Wageni wengine husimulia kwamba katika gari lililojaa kiti cha kando yao hubaki kitupu. Laumiza jambo hilo, wala haifai kulificha. Lakini iko dawa ndogo itumiwayo na Wajapani wenyewe, nayo ni kwamba ahamiaye hubisha hodi kwa majirani zake siku za mwanzo, akataja jina lake, akawapa kijizawadi kama sabuni au taulo. Kijana aliyebeba vijisanduku vya mawe ya Tabaka ameshika ufunguo mzuri. Asitoe vinne, kwa kuwa neno lao la nne lasikika kama neno la mauti.

Chakula hakina shida kubwa. Ndizi zipo, nyingi zikitoka Ufilipino, tamu lakini si za kupika. Chai ni ya majani mabichi, haina maziwa wala sukari, na mtoto wa mchuma chai huinywa mara ya kwanza kama anywaye dawa. Unga wa ugali hutafutwa katika maduka ya wageni. Chinsaga asahau.

Kazini, saa tatu maana yake ni kuwa tayari kabla ya saa tatu. Na kuna neno moja, hōrensō, ambalo ni jina la mchicha wao, lakini kazini limeunganishwa kutokana na maneno matatu, yaani kutoa taarifa, kupashana habari, na kuomba shauri. Mgeni hudhani kwamba mfanyakazi hodari ni yule atengenezaye kosa lake kimya kimya. Kule, kosa dogo lililofichwa ni kubwa kuliko kosa kubwa lililotangazwa mapema. Katika ekiden mambo ni hayo hayo. Mkimbiaji akichelewa kupita kiasi kilichowekwa, mwenzake huanzishwa mbio na ukanda wa akiba bila kumngoja, na ukanda uliotoka jasho la wale wa mbele hukatikia hapo. Wakimbiaji wazima huanguka wakilia kwa jambo hilo. Mkenya asiyefahamu sababu ya machozi hayo bado hajafika Japani, hata akiwa na miaka mitatu huko.

Sasa fedha, na hapa wazee watege masikio. Kodi ya wakaazi hukadiriwa kwa mapato ya mwaka uliopita, na huanza kukatwa mwezi wa Juni. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kijana hupokea mshahara mnono kidogo, akaahidi karo za wadogo zake na mabati ya nyumba ya mama. Mwaka wa pili mshahara hupungua kabla ya yeye kufanya kosa lolote, na nyumbani watu husema amebadilika, amepata starehe, amewasahau. Hajasahau, amekatwa kodi. Hukatwa pia bima ya afya, ambayo kwa sababu yake mgonjwa hulipa asilimia 30 tu ya gharama, na akiba ya uzeeni. Akiba hiyo, kwa aliyeichangia miezi sita au zaidi bila kufikia miaka kumi, yaweza kudaiwa sehemu yake ikiwa ameondoka Japani, kwa kujaza fomu na kuituma kabla ya miaka miwili kupita. Fomu hiyo aweza kuituma kwa posta hata akiwa Kisii, kwa hiyo asitupe karatasi zake za akiba siku ya kufunga sanduku.

Na mzee aombwaye kuuza ng'ombe ili mtoto apate nafasi, na adai kwanza kuuona mkataba, ulioandikwa mshahara, saa za kazi, na nani alipaye nauli. Mawakala wa kazi za ng'ambo huandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Wakala asiyeweza kuonyesha cheti chake, ng'ombe na abaki zizini.

Lugha ndiyo itakayoamua mengine yote. Wanaokwenda kwa kibali cha ustadi maalum hutakiwa kufaulu mtihani wa Kijapani kabla ya kupewa kazi, na hiyo ni rehema ingawa yaonekana kuwa adhabu. Maandishi ni magumu. Ziko alama za sauti za namna mbili, 46 kwa kila namna, na juu yake herufi za Kichina 2,136 za matumizi ya kila siku. Kusema, kinyume chake, kwapendeza kinywa cha Mswahili, kwa sababu irabu zao ni tano kama za Kiswahili. Mgusii ana bahati zaidi, kwani lugha ya mama yake hupenda r kuliko l, na Wajapani vile vile. Awe mwangalifu tu na maneno ya mtego: nani kwao ni nini, na saba ni samaki.

Hayo yamfikisha tena Stephen Mayaka. Miguu yake ilipokwisha kazi, kinywa kilikuwa kimejifunza. Alichukua uraia wa Japani, akaandika jina lake la Mayaka kwa herufi za Kichina, akawa kocha wa ekiden katika chuo kikuu cha Obirin, akiwafundisha vijana wa Kijapani kwa lugha yao. Wapo waliokimbia sana wakarudi na saa ya mkononi tu.

Baridi ya Januari yataka nguo nzito na jiko la mafuta, na dirisha lifunguliwe mara kwa mara. Ardhi ikitetemeka, mtu afuate wenyeji wafanyavyo. Mkoba wa maji, tochi na nakala za karatasi ukae karibu na mlango.

Mwisho ni habari ya simu. Japani imeitangulia Kenya kwa saa sita. Mama wa Keumbu amalizapo kuosha vyombo saa tatu za usiku, kwa mwanawe ni saa tisa za alfajiri, na kazi inamngoja. Ampigie saa nane za mchana, wakati kule ni saa mbili za usiku na kijana amekwisha kula, yu peke yake chumbani.