MWAKA MPYA, KURASA MBILI KILA SIKU
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi wa kufungua mwaka)

Hatukuja kuhubiri, maana sisi nasi tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, kisha tukashika nyundo na spana. Tumekuja kuomba jambo moja: mwaka huu kila nyumba ya mfanya kazi iwe na shabaha ya kusoma.

Kila Januari sote huweka nadhiri. Tutaacha pombe, tutaweka akiba, tutajenga nyumbani. Ni nadra kusikia mtu akisema, "Mwaka huu nitasoma." Twadhani kusoma ni kazi ya watoto na makarani. Basi sikilizeni yaliyotupata.

Miaka mitatu iliyopita mwenzetu wa zamu alituletea fomu ya mkopo. Alitaka mdhamini. Treni ya mizigo ilikuwa yangoja, na mikono yetu imejaa grisi. Hatukusoma hata neno. Tuliuliza tu, "Wapi?" tukatia sahihi. Baada ya miezi mitano mwenzetu akaacha kazi, akaenda asikojulikana. Mwisho wa mwezi tukaona mshahara umekatwa. Tulirudi nyumbani na hasira, tukasema tumeibiwa. Binti yetu wa darasa la sita akaichukua nakala ya fomu, akaisoma taratibu mpaka mstari wa chini: mdhamini atalipa deni lote lililobaki. Akauliza, "Baba, hii si sahihi yako?" Hatukuwa na jibu. Tulikatwa miezi 14, na karo ya mwaka ule tuliikopa.

Ndugu, hatukuibiwa. Macho tulikuwa nayo, na kusoma tulijua, lakini mazoea yalikuwa yamekufa. Mtu asiyesoma kwa miaka kumi huiona karatasi ndefu kama mzigo, akatafuta njia ya kuukwepa. Basi twaleta shabaha tatu.

Kwanza, mtu mwenyewe. Asome kurasa mbili kila siku, kabla ya kulala au akingoja zamu. Kitabu cha kurasa 120 huisha kwa siku 60. Kwa mwaka ni vitabu 6. Sisi watu wa reli tusidharau kidogo kidogo. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, taruma baada ya taruma. Aanzaye na asome Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Humo Karama ashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mfanya kazi atakielewa upesi. Apendaye habari za upelelezi na atafute Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla.

Pili, jamaa nyumbani. Usiku mmoja katika juma, baada ya chakula, redio na simu ziwekwe kando kwa nusu saa. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha apokewe na mwingine. Mama asiyepata shule asiachwe nyuma. Asomewe, na herufi afundishwe. Baba akikosea neno, akubali kusahihishwa na mtoto. Si aibu. Mtoto aambiwaye "Soma!" na baba asiyeshika kitabu hatasoma. Kwetu tulichagua Jumapili. Zamu ikituzuia, twahamisha hadi Jumatatu, lakini hatufuti. Tena vitabu ni ghali, kwa hiyo nyumba nne za jirani zinunue kimoja kila moja, zibadilishane.

Tatu, karatasi. Tusitie sahihi kabla ya kusoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba wa kazi, ni lazima mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Haki hiyo twaitupa wenyewe tukiona haya kusema, "Sijaelewa." Mkataba, mkopo au fomu ya duka, ichukue nyumbani, isomwe na jamaa yote. Kama bado ni ngumu, ilete kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Nyumbani kwetu tumebandika karatasi ukutani. Kila mmoja huandika jina la kitabu na kurasa alizomaliza. Binti yetu yuko mbele, sisi twamfuata. Twaomba nanyi mbandike yenu leo jioni. Desemba tukutane hapa, kila nyumba itaje ilivyosoma, na sisi muwe wa kwanza kutuuliza.

Umoja ni nguvu.