Jinsi Nilivyolinunua Gari la Ndoto Yangu Mara Mbili

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka)

Ninyi wanafunzi, tangu nusu saa iliyopita mnanusa pilau kutoka jikoni.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya nidhamu ya fedha kwa kijana. Nilikubali, nikaandika kurasa nne, na kurasa hizo ninazo hapa mfukoni. Lakini leo asubuhi nilipoingia getini, vijana watano walilizunguka gari langu kabla sijazima injini. Mmoja wao akaniamkia kwa adabu sana, kisha akauliza, "Mzee, hii ni tabo?" Nikamjibu kwamba si tabo. Akalitazama boneti, akanitazama mimi, akasema, "Pole." Basi kurasa nne nimezikunja. Nitawaeleza habari za gari, na fedha mtazikuta humo humo.

Nilianza kidato cha kwanza hapa mwaka 1995. Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja alirudi likizo na ukurasa wa gazeti la rangi. Juu yake palikuwa na Subaru Impreza ya buluu, magurudumu ya rangi ya dhahabu, ikiruka juu ya kilima cha vumbi. Ilikuwa ndiyo gari ambayo Colin McRae wa Scotland alishindia Mashindano ya Safari kule Kenya mwaka huo. Tuliugandisha ukurasa ule ukutani kwa ugali wa usiku, na kwa muda wa wiki mbili panya wakala ugali, lakini gari hawakuligusa.

Wazee waliomo humu watacheka, maana wao walikuwa na magari yao ya ndoto kabla yetu. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila kizazi kilipata gari lake. Kuna waliolala wakiota Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Wengine waliota Lancer ya Joginder Singh ya mwaka 1974 na 1976. Kaka zetu waliotupokea hapa shuleni walikuwa watu wa Celica, kwa sababu mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, aliishinda Safari kwa Celica. Nanyi vijana mna Yaris, tangu mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021.

Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyetukata makali. Alituambia kwamba Joginder Singh alishinda mara ya kwanza, mwaka 1965, kwa Volvo ambayo ilikwisha tumika na wengine kabla yake. Mtumba! Aliliondoa hadharani lile neno letu la "gari jipya". Halafu akatuchorea ubaoni injini ya Subaru: pistoni nne, mbili kulia, mbili kushoto, zimelala chali na kupigana ngumi kama mabondia, ndiyo maana injini imekaa chini na gari halipinduki ovyo kwenye kona. Siku hiyo niliapa kimoyomoyo. Sikuapa kuwa daktari wala mhandisi. Niliapa kununua Impreza ya buluu.

Sasa niruke miaka. Nilimaliza hapa mwaka 1998, nikaenda kidato cha tano na sita, nikaingia Chuo Kikuu, nikaajiriwa katika mipango. Mshahara wa mwanzo kila mtumishi anaufahamu, tusiuzungumze mbele ya watoto. Kufika mwaka 2012 nilikuwa na shilingi milioni 12 katika akaunti. Nasema nilikuwa nazo, lakini milioni 3 kati ya hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za bati za nyumba ya mama yangu, huko kwetu chini ya Kiwira. Ninyi mnaijua mvua ya Rungwe. Bati zake zilikuwa za zamani, zimeliwa na kutu, na mwaka ule tulikuwa tumekubaliana kwamba kabla ya masika nitaezeka upya.

Mwezi wa Novemba nikatumwa Dar es Salaam kikazi. Siku ya mwisho, dalali mmoja alinipeleka kwenye yadi, na pale kwenye kona, chini ya mwembe, ilikuwapo. Impreza WRX, buluu, tabo, boneti ina lile tundu la kuvutia hewa. Shilingi milioni 11. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mipango. Kazi yangu ni kuwauliza wenzangu: mmefanya upembuzi? Mna makisio? Siku ile sikumwita hata fundi mmoja. Dalali aliiwasha, ikanguruma, nikasikia kama sauti ya ule ukurasa wa ukutani. Moshi mwepesi wa buluu ulitoka nyuma wakati wa kuwasha, nikajiambia kwamba ni ubaridi. Ubaridi, Dar es Salaam, mwezi wa Novemba, saa nane mchana!

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Wanafunzi andikeni hilo, ni kemia. Injini ya tabo inasukumiwa hewa kwa nguvu, joto lake ni kali, na oili ndiyo damu yake. Aliyekuwa nayo kabla yangu akichelewesha kubadilisha oili, au akiizima ghafla baada ya kuikimbiza, mimi ndiye ninayerithi dhambi zake. Tena injini zile za Japani zimepangwa kunywa petroli ya oktani ya juu. Yote hayo niliyajua baadaye, kwa gharama.

Nilitoka Dar alfajiri. Chalinze, Morogoro, Mikumi, kote nilikuwa mfalme. Ruaha Mbuyuni nilisimama nikanunua vitunguu vya mama. Kisha tukaanza kupanda Kitonga. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya malori anajua hali: unasubiri, unakanyaga, unapita lori moja, unasubiri tena. Kwenye kona ya tatu au ya nne nilisikia kitu kikigonga chini, koko, koko, koko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya injini anabisha hodi. Nikapandisha sauti ya redio. Naam, mnacheka, lakini ndivyo nilivyofanya. Dakika mbili baadaye injini ilikuwa imenoki, na mimi nimekaa ukingoni mwa korongo na gunia la vitunguu.

Nililivuta hadi Iringa. Fundi alifungua sampo, akanionyesha unga wa bearingi ukimeta ndani ya oili kama mchanga wa Matema. Injini nyingine ya aina ile, ya mtumba, na kazi ya kuifunga, ilikuwa zaidi ya milioni 4. Sikuwa nazo. Baada ya miezi miwili gari lile liliuzwa vipande kwa shilingi milioni 2 na laki 8, na mimi nikarudi kazini kwa daladala.

Masika ilikuja. Nilikwenda kumsalimu mama mwezi wa Aprili. Alikuwa ameweka sufuria tatu na beseni moja chumbani, na alikuwa amesogeza kitanda hadi karibu na mlango. Hakuniuliza habari za bati. Aliniuliza, "Na gari lako, mwanangu, limepona?" Usiku kucha nilisikiliza matone. Kila sufuria ina sauti yake. Ndugu Mwenyekiti, nimehudhuria semina nyingi za fedha za umma, na nimepewa vyeti. Hakuna semina iliyonifundisha kama usiku ule.

Mama alilala chini ya matone kwa masika mbili. Mwaka 2014 niliezeka, bati za geji 28, na mifereji juu yake. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu upya habari ya gari, maana ndoto haikuwa imekufa, ilikuwa inaona aibu tu.

Safari ya pili ilichukua miaka mitano. Mimi na mke wangu tulipanda parachichi ekari moja, katikati ya migomba ya marehemu baba. Akiba tuliweka kwenye Saccos, ambako huwezi kuamka asubuhi na wazimu ukazitoa zote. Na safari hii mke wangu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Aliniuliza maswali matatu: litabeba watoto wanne? Litapita njia ya kwetu mvua ikinyesha? Likiharibika, nani wa Tukuyu ataligusa? Kwa maswali hayo tabo ilikufa bila kesi.

Nikachagua Impreza ya mwaka 2004, injini ya 1500, isiyo na tabo, lakini inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hilo la mwisho sikukubali kulegeza hata kidogo, na barabara za huku zimenipa haki. Niliinunua Japani kwa njia ya mnada. Kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi, yenye daraja na mchoro wa kila mkwaruzo. Daraja la 4 ni zuri kwa umri ule. Ukiona herufi R, jua kwamba liligongwa likatengenezwa. Nilisoma karatasi kumi na saba kabla ya kuchagua, na nikalipa mtu anayejua Kijapani anisomee maneno ya pembeni, kwani huko pembeni ndiko ukweli unakoandikwa.

Sasa kodi, maana kijana mmoja ameniuliza kwa nini magari ni ghali hapa na Japani ni rahisi. Nilipoagiza mwaka 2019, hesabu ilikuwa hivi. Chukua thamani ya gari likiwa limefika bandarini, tuseme shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, inakuwa 125. Juu ya hiyo 125 unalipa ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kwangu asilimia 5, na ushuru mwingine wa uchakavu, asilimia 30, kwa kuwa gari lilikuwa limepita miaka 10. Juu ya jumla hiyo yote inakuja VAT, asilimia 18. Fanyeni hesabu: mnakaribia 199. Wala msidhani utaandika bei ndogo ukawapita. Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani za magari. Langu lilinigharimu milioni 4 na laki 3 hadi bandarini, na nilipomaliza kodi, wakala, namba na bima, nilikuwa nimetoa milioni 9 na laki 6. Stakabadhi zote ninazo katika faili moja. Mtumishi wa Serikali anayeendesha gari la buluu lazima awe na faili, kwa sababu kuna siku mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Kabla ya kuliondoa Dar nilimlipa fundi siku nzima. Alibadilisha oili, plagi na mkanda wa taimingi, ambao ukikatika injini hizi zinaweza kuharibika vibaya. Akaniambia, "Hii itakufikisha." Kitonga nilipanda nyuma ya lori la saruji, gia ya pili, redio nimezima, nasikiliza. Hapakubisha mtu.

Kuhusu mwendo: mwenzangu mmoja hapa mbele amekwisha niuliza kwa ishara. Saa ya mwendo imeandikwa hadi 180. Kati ya Uyole na Tukuyu kuna vijiji kila baada ya kona, kibao cha 50, na askari wenye tochi chini ya mgomba. Isongole kuna ukungu unaomeza hata taa za basi. Siku nilipofika nilitumia zaidi ya saa moja na robo kutoka Uyole, na sijawahi kufurahia barabara kama siku ile: kona ile ya kuteremkia Kiwira gari linaishika kama mkono ulioshika jembe. Kwa hilo peke yake mwalimu wetu wa fizikia alisema kweli.

Mama alitoka nje, akalizunguka mara moja, akagusa boneti lisilo na tundu. Akasema, "Ndaga." Kisha akauliza kama linaweza kubeba mikungu mitatu ya ndizi hadi sokoni. Lilibeba minne.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi amesimama mlangoni. Kwa yule kijana aliyenipa pole: Mwalimu Mkuu ameruhusu baada ya chakula, nami nitafungua boneti. Mje kumi kumi, mikono misafi, mtaziona zile pistoni mbili kulia na mbili kushoto zilipolala. Na anayejua tabo ingekaa wapi atanionyesha.